Kisima Kikiingia Chumvi, Tumwendee Nani?

Msomaji mpenzi, kisa changu cha leo chaanza na kikombe cha chai.

Siku chache baada ya Idi kuu ya mwaka uliopita nilivuka kwenda Amu kwa ajili ya nikaha ya mpwa wangu. Kama ilivyo ada, kabla ya kufika kwenye shughuli nilipitia mtaa wa Langoni kumwamkia shangazi yangu, bibi aliyepita miaka themanini na ambaye ndiye mkubwa wetu aliyebaki. Nilimbusu mkono, nikaketi, nikaletewa chai ya mkandaa na mkate wa mofa.

Nilipiga funda moja, nikanyamaza. Chai ilikuwa na sukari ya kutosha na iliki ya kutosha, lakini chini ya utamu wote huo palikuwa na chumvi. Shangazi akanitazama usoni, akacheka kicheko cha mtu aliyekwisha kulia.

"Usiseme," akaniambia. "Najua. Kisima kimeingia chumvi. Na wewe, mwanangu, ni mtu wa gazeti, wajua ofisi na wenye ofisi. Hebu nambia. Mai haya yana mwenyewe? Nimshitakie nani?"

Kwetu Amu maji ni mai, na kisima alichokuwa akikisema nakijua tangu udogo wangu. Nilipokuwa chuoni, mwalimu wetu alikuwa hafungui msahafu mpaka mtungi wake uwe umejazwa, na zamu ya kuteka ilipofika kwangu nilikuja kuteka hapa, kwani watu wote walisema maji ya hapa ni matamu kuliko ya visima vya jirani. Kisima kilekile leo chatia chumvi chai ya mgeni.

Nilimwahidi kwamba nitamtafutia jawabu. Sikujua kuwa ahadi hiyo ingenichukua miezi, na kwamba mwisho wake ningerudi kwake na jibu ambalo hakulitarajia.

Wazee wetu hawakuwa na taabu ya swali hili. Kila kisima kilikuwa na mtu wake. Kisima cha nyumba kilikuwa cha mwenye nyumba, lakini jirani hakunyimwa. Kisima cha msikiti kilikuwa wakfu, na wakfu una mutawalli wake, mtu anayejulikana kwa jina na kwa baba, ambaye akilala usingizi watu humwamsha. Hata birika za kutilia udhu zilikuwa na walinzi wake, wale samaki wadogo waliotiwa humo ili wale viluwiluwi vya mbu.

Na dini yetu haikuliacha jambo hili. Sote tumefundishwa chuoni habari za kisima cha Ruma kule Madina, ambacho Sayyidna Uthman alikinunua kwa mali yake akakitoa kwa Waislamu wote. Tumefundishwa pia kuwa israfu ya maji ni makosa hata katika udhu. Ndugu zetu wa Omani, ambao nasaba zetu nyingi zimefungamana nao, hupitisha maji mashambani kwa mifereji ya kale iitwayo aflaj. Mitano kati ya mifereji hiyo iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Kila falaji ina wakili wake, na zamu za maji zilikuwa zikipimwa kwa jua mchana na kwa nyota usiku, ili asidhulumiwe mtu hata kwa muda wa nusu saa.

Basi maji siku zote yamekuwa na msimamizi. Swali la shangazi ni hili: msimamizi wa leo ni nani, na mlango wake uko wapi?

Kabla sijabisha mlango wowote, ilinibidi nielewe kwanza chumvi imetoka wapi. Kisiwa cha Amu hakina mto. Maji yake matamu ni mvua iliyozama mchangani, na hazina kubwa iko chini ya matuta ya mchanga ya Shela. Mvua ikinyesha juu ya matuta yale haikimbilii baharini bali hunywewa na mchanga, hushuka polepole, na kukaa juu ya maji ya chumvi yaliyopenya chini ya kisiwa. Maji matamu ni mepesi, maji ya bahari ni mazito. Hivyo yale hukaa juu ya haya, mfano wa samli iliyoyeyuka juu ya mchuzi.

Wataalamu wana kipimo chao ambacho kila mwenye kisima cha pwani yampasa akijue. Kwa kila futi moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, ziko kama futi arobaini za maji matamu chini ya usawa huo. Yafurahisha kusikia hivyo, lakini hesabu hiyohiyo yageuka upande wa pili. Ukiyashusha maji ya juu kwa futi moja kwa kuyavuta mno, chumvi iliyo chini hupanda kama futi arobaini. Kata na ndoo haziwezi kufanya hivyo. Mashine ya kuvuta maji, ikinguruma mchana kutwa na usiku kucha, yaweza.

Tena isidhaniwe kuwa hili ni jambo geni katika visiwa vyetu. Vukeni ng'ambo, kisiwani Manda, mkautazame mji wa Takwa. Msikiti wake ungali umesimama na kuta zake zaonekana, lakini hakuna mtu aishiye. Mji ule ulihamwa zama za karne ya 17 au baadaye kidogo, na miongoni mwa sababu zinazotajwa ni visima vyake kuingia chumvi. Wenyewe walivuka wakaja kukaa Shela, na mpaka zama zetu watu wa Shela wamekuwa wakirudi kuzuru kaburi la mnara lililoko Takwa na kuomba mvua. Kule Gede, karibu na Malindi, wachunguzi wa mambo ya kale waliona kuwa kisima kilicho karibu na msikiti mkuu kilichimbwa tena kwenda chini zaidi, na baadhi yao huona kushuka kwa maji kuwa sababu mojawapo ya mji ule kuachwa. Maji yakihama, mji hufuata.

Nilipolijua hilo nilianza kubisha milango. Ofisi ya kwanza, ambayo sitaitaja jina, iliniambia kuwa yao ni mabomba, si visima. Ya pili ikaniambia kuwa yao ni mazingira, na kwamba kisima cha mtu ni cha mtu. Katika ya tatu kijana mmoja mwenye adabu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mzee, una barua?" Nikamwuliza barua ya kutoka kwa nani. Akasema, "Ya kutoka kwa ofisi inayohusika." Nikamwambia kuwa hiyo ndiyo ninayoitafuta. Tukatazamana, tukacheka sote wawili, nikatoka.

Nisimlaumu mtu. Kosa lilikuwa pia langu, kwani nilikuwa nikiuliza kwa jumla, kama mtu aingiaye sokoni akasema "nataka kununua" bila kusema anataka nini. Nilirudi nyumbani Mombasa, nikatafuta Sheria ya Maji ya mwaka 2016 na kuisoma kama nilivyokuwa nikisoma juzuu, sura baada ya sura. Humo ndimo nilimopata majina ya milango, na leo nataka kukupa, msomaji, ili usizunguke kama nilivyozunguka mimi.

Kwanza, mwenyewe wa maji. Sheria yasema kuwa maji yote ya nchi, ya juu ya ardhi na ya chini yake, yako mikononi mwa Serikali kuu kama amana kwa niaba ya wananchi. Neno hilo amana si geni kwetu. Mwenye kushika amana si mwenye mali. Basi hata kisima kikiwa ndani ya ua wako, maji yaliyo chini yake si yako peke yako. Huyu wa pili na yule wa tatu wachota katika chombo kimoja na wewe.

Pili, mshika funguo. Serikali imeikabidhi kazi hiyo Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ijulikanayo kwa herufi WRA. Huu ndio mlango alioutaka shangazi. Mamlaka hii ndiyo itoayo vibali vya kuchukua maji mitoni, maziwani na chini ya ardhi, ndiyo ipimayo hali ya maji hayo, na ndiyo yenye uwezo wa kutangaza kuwa mahali fulani pahifadhiwe na uchotaji upunguzwe. Anayeteka kwa mkono kwa matumizi ya nyumbani haulizwi kibali. Anayetia mashine huulizwa. Na kibali hakitolewi gizani, kwani sheria yataka watu washauriwe kabla ya ombi kukubaliwa.

Mamlaka hii imeigawa nchi kwa mabonde sita ya mito, wala haikufuata mipaka ya kaunti. Hapa ndipo wengi hupotea. Mombasa, Kwale na sehemu kubwa ya Kilifi zimo katika bonde la Athi, ambalo makao yake ni Machakos, lakini lina ofisi Mombasa. Amu imo katika bonde la Tana, na makao ya bonde hilo ni Embu, chini ya Mlima Kenya. Nilipomwambia shangazi kuwa mai yake yana ofisi Embu, aliuliza kama huko kuna bahari. Lakini mantiki yake ipo. Mto hauna habari na kaunti, na anayetia taka juu humnywesha taka aliye chini. Mto wetu wa Sabaki, unaomwagikia baharini karibu na Malindi, huko juu ndio Athi, unaopokea maji ya mto Nairobi pamoja na yote yaliyotupwa humo.

Tatu, wajenzi na wauzaji. Shirika la Ujenzi wa Miradi ya Maji la Pwani, lenye makao yake Mombasa, ndilo lijengalo mitambo mikubwa kwa kaunti zetu sita. Kampuni za maji za kaunti, kama ile ya Mombasa na ile ya Lamu, ndizo zinazouza maji kwa bomba. Bomba likikauka au bili ikipanda isivyo haki, lalamika kwa kampuni yako kwanza. Isipokusikia, liko shirika la kuzisimamia kampuni hizo zote, liitwalo WASREB. Lakini kwa kisima kilichoingia chumvi, hao sio wako.

Nne, walinzi wa mazingira. Mamlaka ya mazingira, NEMA, ndiyo inayotazama kama jengo au mradi utaharibu nchi kabla haujajengwa. Matuta ya Shela yana ulinzi wa ziada, kwani yametangazwa na Serikali kuwa mahali pa kuhifadhiwa kwa ajili ya maji, na Makavazi ya Kitaifa yana mkono katika ulinzi huo kwa kuwa mji wa Amu ni urithi wa dunia tangu mwaka 2001. Ukiona mchanga wa matuta ukichotwa kwa ajili ya ujenzi, au nyumba ikichomoza mahali pale, fahamu kuwa linaloondolewa ni kifuniko cha mtungi wa mji mzima.

Na ndugu zangu wa Mvita msidhani kuwa haya ni ya Amu tu. Maji mnywayo, baadhi yake hutoka chemchemi za Mzima huko Tsavo kwa bomba lililofunguliwa mwaka 1957, na chemchemi zile hulishwa na mvua inywewayo na vilima vya Chyulu. Mengine hutoka Marere katika vilima vya Shimba, mengine visima vya Tiwi, na mengine Baricho kando ya Sabaki. Kwa hivyo askari wa msitu wa Shimba, ambaye hamjapata kumwona, ni mlinzi wa birika zenu.

Tano, mahali pa rufaa. Liko Baraza la Maji la kuamua mashauri ya vibali na maamuzi ya wenye ofisi, na liko baraza jingine la mazingira. Watu wa Amu wanalijua hilo la pili, kwani ndilo lililofuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe mwaka 2019, baada ya wananchi wenyewe kulipeleka shauri lao.

Sita, na hili nimeliweka nyuma kwa makusudi, sheria yaruhusu watumiaji wa maji wa mahali pamoja waunde chama chao. Kwa herufi chaitwa WRUA. Kazi yake ni kuyatunza maji ya mahali hapo pamoja na Mamlaka na kusuluhisha ugomvi kabla haujawa kesi. Si chama cha siasa wala cha maziko. Ni majirani waliokubaliana kuwa maji ni yao sote.

Nikiwa na hayo mkononi nilirejea Amu. Safari hii sikwenda kuuliza kwa jumla. Shangazi alisema na mimi nikaandika: kisima kiko mahali gani, kina pima ngapi, kilianza kubadilika msimu gani, jirani gani wana mashine. Tulijaza chupa mbili za maji, moja ya kisima chetu na moja ya kisima cha nyumba ya tatu ambacho kingali kitamu. Majirani kumi na mmoja walitia sahihi, na wasiojua kuandika walitia kidole. Barua ikaenda kwa Mamlaka, na nakala tukaipa kaunti.

Nisikudanganye kuwa walikuja kesho yake. Ilipita muda, barua ya pili ikafuata ya kwanza, na simu juu ya simu. Lakini walikuja. Afisa mmoja alitia kipimo chake kisimani, akaandika, akaenda nyumba baada ya nyumba. Na hapo ndipo lilipodhihiri lile ambalo majirani walikuwa wakilijua na kuona haya kulisema. Nyumba moja ya wageni, hatua chache tu kutoka hapo, ilikuwa imechimba kisima kirefu na kutia mashine, na mashine ile haikuwa na kibali.

Mwenyewe ni mtu wetu, tunayeswali naye safu moja. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko safari zote za ofisini. Alikasirika, akasema amefitiniwa. Ilibidi imamu amwite baada ya Isha, wakae barazani pamoja na wazee na yule afisa. Afisa alieleza habari za futi moja na futi arobaini. Yule bwana alinyamaza kitambo, kisha akauliza kwa sauti ndogo kama kisima chake naye kitaingia chumvi. Akajibiwa kuwa kitaingia, tena chake kitatangulia, kwa kuwa ndicho kirefu. Usiku ule mashine ilizimwa. Ameomba kibali, na akikipata kitakuwa na kiasi chake na saa zake.

Je, kisima cha shangazi kimerudi kuwa kitamu? Bado. Chumvi hupanda kwa siku na kushuka kwa miaka. Afisa alisema yataka masika kadha za mvua njema na mikono iliyojizuia. Kwa sasa shangazi hununua maji ya kunywa, huletwa kwa punda, na ya kisima huyafulia nguo. Kwa mtu aliyekuwa akigawa maji bure miaka sitini, kununua maji ni jambo zito kuliko bei yake.

Lakini majirani wale kumi na mmoja hawakutawanyika. Wamekwisha kukutana mara tatu na wanataka kuandikisha chama. Yule mwenye nyumba ya wageni ni mmoja wao. Wameanza kupima maji ya visima vyao kwa kamba na kuandika katika daftari kila mwezi. Na mweka daftari, kwa kauli moja, ni mjukuu wa shangazi, msichana wa kidato cha tatu.

Nilipokwenda kumuaga shangazi nilimwambia, "Uliniuliza kama mai haya yana mwenyewe. Wanayo amana Serikali, funguo ziko kwa Mamlaka, na mlango nimekuonyesha. Lakini mlinzi wa kwanza ni nyinyi hapa mtaani."

Akafikiri. Akasema, "Basi ni kama zamani. Ila zamani hatukuhitaji kuandika barua."

Nikamwambia kuwa zamani hakukuwa na mashine. Akanimiminia chai, ya maji ya punda safari hii, na mimi njiani katika mashua ya kuvukia Mokowe nikamtungia ubeti huu:

Mai yalo chini yetu, ni amana tumepewa,
Ni haki ya wote watu, wakwasi na wasokuwa,
Takwa nayo ni ya kwetu, kwa chumvi ilikimbiwa,
Tulinde kisima chetu, mbele ya kuharibiwa.